Kugawana gharama za kisima cha mtaa: namna ya kupanga mafungu yatakayodumu

Maelezo haya ni ya kamati ya maji ya mtaa wenye kisima cha pampu ya umeme, tangi la juu na mifereji michache ya pamoja, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Unguja na Pemba. Hesabu zote ni za kaya 120 na bei ni za mfano. Wekeni zenu, njia ya kuhesabu ni ile ile. Inafaa pia kwa ulinzi wa mtaa, ukarabati wa chuo cha Kurani au uzio wa skuli. Ila hakuna mahali mgao uliopotoka unapojitokeza haraka kama kwenye maji, kwa sababu kila nyumba inateka kila siku na kila mtu anaiona ndoo ya mwenzake.

Kabla ya yote, sheha ajue, na ofisi ya Mamlaka ya Maji (ZAWA) ya wilaya ijue. Kamati isiyotambulika haina pa kusimama siku mtu atakapokataa kulipa na kuuliza, "Nyinyi nani aliyekuwekeni?"

Gharama kwanza, kiwango baadaye

Vikao vingi hufunguliwa kwa mtu kusema "tutoe elfu mbili mbili", wenzake wakaitikia, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyejua kama elfu mbili zinatosha. Mwezi wa tatu tukuza (umeme wa kulipia kabla) inakatika usiku, lawama zinamwangukia mshika fedha. Anzeni kwa kuandika gharama za mwezi mmoja:

Umeme: 180,000
Posho ya mwendesha pampu: 90,000
Koki, viungo vya paipu na matengenezo madogo: 30,000
Akiba ya pampu: 40,000
Jumla: 340,000

Umeme usikisiwe. Chukueni risiti za tukuza za miezi mitatu, na mmoja wao uwe wa kiangazi, wakati wa kaskazi, maji yanaposhuka kisimani na pampu ikafanya kazi saa nyingi zaidi kujaza tangi lile lile. Mkichukua miezi ya masika peke yake mtajidanganya.

Posho ya mwendesha pampu ndiyo ya kwanza kukatwa watu wanapotaka kupunguza mchango. Msiikate. Mtu anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha pampu bila malipo atafanya hivyo kwa moyo mweupe miezi miwili, kisha atasahau kuizima, tangi litafurika na umeme utateketea bure. Au ataanza kuuza madumu kwa wapita njia. Fedha mliyookoa itatoka kwa mlango mwingine.

Akiba ya pampu wengi hawaiandiki kabisa. Ikiwa pampu na ufundi wa kuifunga ni 2,400,000, na mnatarajia idumu miaka mitano, gawanya kwa miezi 60: ni 40,000 kila mwezi. Pampu huungua kwa umeme kupanda na kushuka, kwa mchanga, na kwa kuachwa ikivuta wakati maji yameshuka chini yake. Kwa vijiji vya karibu na pwani kuna jambo jengine: mkivuta kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini na kisima kikageuka chumvi. Mkianza kuonja chumvi, punguzeni saa za kuvuta. Fundi wa pampu hatoliondoa tatizo hilo.

Kaya ni jiko

Amueni mapema mnahesabu nini, maana ugomvi mwingi hauhusu kiasi bali idadi. Kipimo kinachofanya kazi ni jiko: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili ana kaya mbili. Kijana aliyeoa akajengewa banda nyuma ya nyumba ya baba yake, ikiwa mkewe anapika mbali ni kaya. Ikiwa bado wanakula kwa mama, si kaya. Nyumba iliyofungwa kwa sababu wenyewe wako mjini, Dar es Salaam au Omani haihesabiwi kwenye umeme wa mwezi. Inafaa iombwe mchango mmoja kwa mwaka wa akiba ya pampu, kwa sababu wakija sikukuu watayakuta maji.

Matumizi au uwezo?

Kuna njia mbili za haki katika kubeba mzigo wa pamoja, na kamati zinazozichanganya bila kujua ndizo zinazogombana. Ya kwanza ni kulipa kwa matumizi: anayeteka zaidi atoe zaidi. Ya pili ni kulipa kwa uwezo: mwenye nacho atoe zaidi hata akiteka sawa na wengine. Zote mbili zina nafasi, ila kila moja ina pahala pake.

Biashara ilipe kwa matumizi. Anayefyatua matofali, anayeosha magari, mgahawa, nyumba ya wageni: wafungiwe mita na walipe kwa yuniti, kwa bei inayofidia umeme wao wote pamoja na sehemu ya uchakavu wa pampu. Wao wanaingiza kipato kutokana na maji, na bei wataiweka ndani ya gharama zao. Hesabu yao iwe mbali na ya kaya 120.

Maji ya kunywa, kupikia na kutawadha ni jambo jengine. Hapo uwezo ndio upime, na hilo si geni kwa mtu yeyote Zanzibar, kwa sababu zaka imejengwa hivyo. Kwanza kuna nisabu: chini ya kiwango hicho hudaiwi kitu. Fedha na dhahabu hutolewa sehemu moja ya arubaini, yaani asilimia 2.5, baada ya kutimia mwaka. Mazao hutolewa sehemu moja ya kumi yakinyweshwa na mvua, lakini nusu ya hapo, asilimia 5, mkulima akinywesha kwa gharama na jasho lake. Mavuno yanaweza kuwa sawa na wajibu usiwe sawa, kwa sababu aliyetumia jasho na gharama ameshabeba sehemu ya mzigo. Kamati iyachukue yote matatu: pawe na kiwango cha kuanzia, kuwe na mwaka au msimu, na taabu ya mtu ihesabiwe.

Wavuvi nao wanajua kugawa kwa mafungu: chombo kina fungu lake, nyavu zina lake, baharia ana lake. Hakuna anayeona ajabu mafungu kutolingana, alimradi yalipangwa kabla ya kutia chombo majini.

Hilo la mwisho ndilo la kushika kuliko yote katika maelezo haya. Pangeni uzito wa mafungu kabla ya kupanga nani anaingia fungu gani. Kikao cha kwanza kiamue idadi ya mafungu na kila moja litoe mara ngapi, pasitajwe jina la mtu. Kikao cha pili, wiki moja au mbili baadaye, ndicho kipange kaya. Mkifanya vyote siku moja, kila mzungumzaji anakuwa anatetea mfuko wake huku akisema anatetea haki, na wasikilizaji wanajua.

Hesabu yenyewe

Tuseme kikao kimekubali mafungu manne: fungu la kusamehewa, linalotoa sifuri, fungu dogo, lenye uzito wa 1, la kati, uzito wa 2, kubwa, uzito wa 4. Baada ya kupanga kaya, mmepata 12 za kusamehewa, 60 dogo, 36 la kati na 12 kubwa.

Zidisheni: 60 mara 1 ni 60, 36 mara 2 ni 72, 12 mara 4 ni 48. Jumla ya uzito ni 180.

Sasa msigawe 340,000 kwa 180. Hiyo ingefaa kama kila mtu angelipa kila mwezi, na hakuna mtaa wa namna hiyo. Kadirieni asilimia 85 ya fedha itaingia. Gawanya 340,000 kwa 0.85 upate 400,000. Hiyo ndiyo ya kutafuta. 400,000 kwa 180 ni kama 2,222 kwa uzito mmoja. Pandisheni iwe 2,500, kwa sababu mchango wenye chenji ya sarafu huchelewa kukusanywa. Basi fungu dogo linatoa 2,500, la kati 5,000, kubwa 10,000. Wote wakilipa zinaingia 450,000. Robo ya fedha ikikosekana zinaingia 337,500, na upungufu ni 2,500 tu. Mwezi mzuri, ziada inakwenda kwenye akiba, haigeuzwi soda za kikao.

Linganisheni na kiwango kimoja kwa wote: 340,000 kwa kaya 120 ni 2,833. Mjane anayeteka ndoo nne anatoa zaidi ya fungu dogo la hapo juu, na mwenye tangi juu ya paa anatoa chini ya theluthi ya anachoweza. Na hata hicho kinatosha tu ikiwa kila kaya imelipa, hata zile 12 za kusamehewa. Usawa wa kiwango kimoja unaonekana safi kwenye karatasi. Lakini mifereji ikianza kukauka, usawa huo ndio wa kwanza kuvunjika.

Msipande juu sana vile vile. Uzito wa 4 unavumilika. Wa 10 utamfanya mwenye nacho achimbe kisima chake na mkose hata hizo 10,000. Mwanahistoria Ibn Khaldun aliliona jambo hili karne ya 14 alipoandika juu ya kodi za madola: mzigo ukizidi, watu hukata tamaa ya kuchuma, na kinachokusanywa hupungua badala ya kuongezeka.

Alama za kupangia kaya

Msiulize kipato. Wengi hawana mshahara wa kuutaja, na swali lenyewe linawafanya watu wakufiche mambo. Tumieni alama zinazoonekana na zinazohusu maji au uwezo wa sasa: mfereji ndani ya nyumba, tangi la binafsi, ng'ombe wa maziwa, mtu mwenye mshahara wa kila mwezi, duka. Alama tatu au zaidi ni fungu kubwa, moja au mbili ni la kati, hakuna ni dogo. Fungu la kusamehewa liamuliwe kwa majina na watu watatu wasio jamaa wa wanaojadiliwa: wazee wasio na mtoto wa kuwahudumia, wagonjwa wa muda mrefu, wajane wenye watoto wadogo. Orodha hiyo isisomwe hadharani. Kaya inayopokea fedha za TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini) isisamehewe kwa sababu hiyo peke yake, wala isitozwe kwa sababu hiyo.

Paa la bati si alama. Linaweza kuwa limeletwa na mtoto aliye Muskat miaka kumi iliyopita na tangu hapo hajatuma kitu. Mikarafuu pia si alama nzuri, ingawa ndiyo ya kwanza kutajwa Pemba. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, mwaka wa neema hufuatwa na wa ukame wa karafuu, na mara nyingi mwenye shamba amekwisha kuikodisha miti yake, kwa hivyo mavuno si yake.

Lini walipe

Mchumi Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba kodi itozwe wakati na kwa namna iliyo rahisi kwa mlipaji. Tarehe 1 ya kila mwezi inamfaa mwalimu na mtumishi wa serikali. Mkulima wa mwani, sehemu kama Paje na Jambiani, hufanya kazi bamvua, maji yanapotoka mbali. Baada ya hapo lazima aukaushe, ndipo auze. Mkusanyaji akimfuata katikati ya bamvua hamkuti nyumbani, na akimkuta hana kitu. Mfuateni wiki moja baada ya bamvua. Kwa wenye karafuu, ruhusuni malipo ya miezi sita kwa mkupuo mara tu baada ya kuuza, hata kwa punguzo la mwezi mmoja. Mnapoteza kidogo kwenye karatasi, mnapata fedha ya uhakika kabla haijageuka makochi.

Mwenye nguvu bila fedha atoe nguvukazi. Kuchimba mtaro wa paipu, kusafisha tangi, kufyeka kuzunguka kisima. Ikiwa kibarua cha siku mtaani kwenu ni 10,000, siku moja ifute miezi minne ya fungu dogo. Kuna mtego hapa: nguvukazi ikiwa ya fungu dogo peke yake, itakuwa adhabu ya umasikini na watu wataikwepa. Siku za kazi ziwe za mafungu yote, mwenyekiti naye ashike jembe, na zinazohesabiwa kufuta deni ziwe siku za ziada. Kazi iandikwe kwenye daftari lile lile la fedha.

Kwa nini watu huacha

Wachumi wamelipima hili kwa mchezo. Kila mshiriki anapewa fedha, anaamua aweke kiasi gani kwenye chungu cha pamoja. Chungu kinaongezewa, kisha kinagawiwa sawa kwa wote, hata kwa ambaye hakuweka kitu. Mwanzo watu huweka karibu nusu. Raundi baada ya raundi kiasi kinashuka. Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr, waliofanya jaribio lao Zurich na kulichapisha 2001, walikuta karibu nusu ya washiriki wanatoa kwa kufuata wengine wanavyotoa, na karibu theluthi hawatoi kitu hata wengine wakitoa. Chungu kinamalizwa na hao wa kwanza, si theluthi peke yake: wanawaona wasiotoa, nao wanapunguza.

Kwa kamati, hii inaamua nini kibandikwe ubaoni. Msibandike majina ya wasiolipa. Orodha ya majina kumi na tano inamwambia kila mpita njia kwamba kutolipa ni jambo la kawaida, na inamwaibisha aliyefiwa sawa na mjanja. Bandikeni hili, mskitini na kwenye duka kubwa la mtaa: "Mwezi wa Rajabu: kaya 97 kati ya 108 zimelipa. Zimeingia 402,500. Zimetumika 338,000. Akiba ya pampu sasa ni 612,000." Mistari minne, kila mwezi, hata mwezi mbaya. Mwezi mbaya ukifichwa, watu wanadhani ni mbaya zaidi ya ulivyo.

Kuna na suala la dharau. Werner Güth na wenzake walijaribu Ujerumani, 1982, mchezo ambao mmoja anapendekeza mgao wa fedha na mwenzake anakubali au anakataa. Akikataa wote wanakosa. Majaribio mengi yaliyofuata yamekuta kwamba mtu akipewa chini ya sehemu moja ya tano, mara nyingi hukataa, ijapokuwa kidogo ni bora kuliko kukosa. Ndiyo maana mtu mwenye uwezo wa kulipa 5,000 anaweza kuacha kisima na kwenda kununua maji ya gari kwa bei ya juu, kwa sababu tu aliwekwa fungu la kati na shemegi wa mwenyekiti akawekwa dogo. Bei haikumuuma. Wekeni basi njia ya rufaa: mtu aje mbele ya watu watatu wasio wa kamati, ataje alama zake, ajibiwe ndani ya siku saba.

Asiyelipa

Wazo la kwanza la kila kamati ni faini. Tahadharini nalo. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 jaribio la vituo kumi vya kulea watoto huko Haifa, Israeli. Sita kati yake viliweka faini ndogo kwa wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Waliochelewa karibu waliongezeka maradufu, na faini ilipoondolewa hawakurudi chini. Faini ilikuwa imegeuka bei ya kuchelewa. Mkiweka shilingi 500 kwa anayechelewa, mtu ataona amenunua haki ya kuchelewa na haya itamtoka.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alichunguza maji ya kumwagilia, misitu na maeneo ya uvuvi sehemu nyingi za dunia, akakuta yanayodumu yana adhabu zinazopanda ngazi na wasimamizi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe. Kwa kisima, ngazi ziwe hivi. Mwezi wa kwanza, jirani aliye kwenye kamati amkumbushe wakikutana, bila karatasi. Mwezi wa pili, wajumbe wawili, mmoja mwanamke, waende nyumbani baada ya alasiri waulize kuna nini. Hapa ndipo mnapogundua maradhi au msiba, na kaya ihamishiwe kwenye nguvukazi au msamaha. Mwezi wa tatu, barua kwa sheha. Mwezi wa nne, mfereji wake wa ndani ufungwe, ateke kwenye mfereji wa pamoja kama wengine. Msimnyime maji ya mfereji wa pamoja kamwe. Mtoto hana deni.

Wanawake ndio wanaojua nani anateka nini na saa ngapi. Kikao cha baada ya sala ya Ijumaa peke yake kinawaacha nje, na uamuzi wake utapingwa pale pale kwenye mfereji. Fanyeni viwili, au kimoja jioni kwenye skuli, na angalau nusu ya kamati iwe wanawake.

Fedha

Vitabu vya risiti viwe na nambari na nakala ya kaboni. Kitabu kipya hakitolewi kabla cha zamani hakijarudishwa. Mshika fedha asiwe mkusanyaji. Fedha mkononi isizidi 50,000, iliyobaki iwekwe benki kwa saini tatu, mbili zitosheleze kutoa. Mkitumia akaunti ya simu iliyo kwa jina la mtu mmoja, taarifa ya miamala ichapwe kila mwezi na ibandikwe pamoja na ile mistari minne. Siku mtu huyo akifariki, fedha ile ni ya mirathi mpaka mthibitishe vyengine.

Mfadhili au mgombea akitaka kulipa umeme wa mtaa mzima miezi mitatu, shukuruni, fedha iingie akiba ya pampu, na mchango uendelee. Mkisimamisha makusanyo miezi mitatu, mwezi wa nne hamtokusanya nusu, kwa sababu watu watakuwa wanamngojea mfadhili mwengine.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani kwa mfano, kabla ya Ramadhani kupandisha matumizi, pitieni upya alama za kila kaya: aliyenunua tangi apande, aliyeuza ng'ombe ashuke, aliyefiwa na mume apelekwe mbele ya wale watu watatu. Uzito wa mafungu usiguswe katika kikao hicho. Ukihitaji kubadilika, uitiwe kikao chake.